Kwa Nini Mchaichai Haunukii Mpaka Ukatwe

Msiuone mchaichai umekaa kimya pale nyuma ya jiko mkadhani ni majani ya mbuzi. Hapo kale ulikuwa ukinukia wenyewe, asubuhi hadi jioni, bila kuguswa. Mtu akitoka shambani, pua ndiyo iliyomwonyesha njia ya kurudi kijijini. Raha iliyoje!

Shina lenyewe lilikuwa moja tu, uani kwa Mwanakombo. Mama yake ndiye aliyelipanda, na alipofariki, ikabaki harufu ile. Kila upepo ulipovuma, Mwanakombo alihisi mama yupo jikoni, anachemsha chai, anamwita. Majirani nao walikuja na visu vyao: huyu anataka jani la kutia kwenye mchuzi wa samaki, yule la kumfukizia mwenye mafua. Mwanakombo akawatazama, roho ikamuuma. Watammaliza mama yake hivi hivi? Akazungusha ua wa makuti, akafunga mlango.

Alasiri moja jirani yake, Bi Tatu, alipiga hodi. "Mwanakombo, mwenzangu, mwanangu Hidaya homa imempanda, hata uji hataki. Nipe majani kidogo nimfukize."

Mwanakombo alikuwa papo hapo nyuma ya mlango. Akanyamaza mpaka Bi Tatu akaenda zake.

Alipogeuka, uani hamna harufu. Akainama, akanusa shina zima, wapi! Mama kaondoka mara ya pili. Akalia kwa sauti, akayakamata majani kwa mikono miwili kama anayemzuia mtu asiende. Yakavunjika, yakamchana viganja, na harufu ikamjaa usoni. Mwanakombo akaona haya hata mbele ya kuku wake.

Akakata mzigo mzima, akakimbia nao kwa Bi Tatu.

"Nisamehe, dada. Nilikusikia."

Bi Tatu akasogeza chungu. Wakamfunika Hidaya kanga, mvuke ukapanda, jasho likamtoka, na jua lilipokuwa linazama akaomba uji. Ndipo wale wawili wakachemsha chai kwa majani yaliyobaki.

"Mama yako alikuwa akitia na tangawizi," Bi Tatu akasema.

Mwanakombo alikuwa amelisahau hilo kabisa.

Na tangu siku hiyo mchaichai haunukii mpaka ukatwe, na kila nyumba ina shina lililotoka kwa jirani. Mwanakombo naye, kila alipomkumbuka mama yake, alikata majani, akateleka sufuria kubwa, akaita watu.