Wastani wa Ofisa Fisi

Enzi zile wanyama walipokuwa na wilaya na maofisa, mvua iligoma miaka miwili mfululizo. Mito ikakauka, vyura wakahama, kikabaki kisima kimoja tu: cha Mfalme Simba, chenye mlango na kufuli.

Simba alipenda sifa kuliko nyama. Akatangaza: "Wilaya itakayopata wastani wa juu kwenye mtihani wa darasa la saba ndiyo itakayofunguliwa kisima, na ufunguo atashika ofisa wake."

Fisi, ofisa elimu wa Bondeni, alisikia neno moja tu: ufunguo. Mshika ufunguo hujiwa na kila mwenye kiu, na mwenye kiu haji mikono mitupu. Akaanza kuota mifupa mchana kweupe. Lakini maharage ya shule alikuwa ameyala yeye tangu muhula wa kwanza, na watoto walikuwa wakisoma na njaa. Kati ya watahiniwa mia tatu, waliojua kugawanya walikuwa sita, wote wa ukoo wa Tumbili.

Siku ya mtihani akawaingiza hao sita, wengine akawarudisha nyumbani. Mwalimu Punda, mshika daftari la mahudhurio, akashangaa.

"Hawa niwaandike nini, mzee?"

"Wagonjwa."

"Wanaumwa nini?"

"Tumbo."

"Wote mia mbili tisini na wanne?"

"Andika tumbo, Mwalimu, usinichoshe!"

Punda akaandika tumbo mara mia mbili tisini na nne, kwa mwandiko safi kabisa.

Matokeo yakasomwa mbele ya Mfalme. Mlimani, wilaya ya Sungura, walikuwa wamefanya mtihani wote, hata Fuko asiyeona ubao, wakapata wastani wa hamsini na nne. Fisi akasimama na taarifa yenye michoro ya rangi. "Bondeni, tisini na sita!" Wanyama wakapiga vigelegele. Fisi akainama kwa adabu huku jicho moja liko kwenye ufunguo.

Sungura aliitazama ile michoro juu mpaka chini. Hakuona popote idadi ya watoto.

"Hongera, mzee mwenzangu," akasema. "Ewe Mfalme, wastani kama huu haujawahi kusikika. Toa basi debe la mtama kwa kila mtoto aliyefanya mtihani Bondeni, ili ukarimu wako usimuliwe hadi mbugani kwa jirani."

Simba akatuna kifua. "Debe? Madebe mawili! Fisi, wako wangapi?"

Fisi akameza mate. Sita maana yake madebe kumi na mawili. Mia tatu maana yake... hesabu hiyo hakuiweza, ila alijua ni mtama mwingi. Akili ilimwambia aseme sita. Maskini, mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Mia tatu, Mfalme!"

"Wote walifanya mtihani?" akauliza Sungura.

"Wote!"

"Basi tuletewe karatasi zao, tugawe mtama kwa kuhesabu karatasi."

Punda, ambaye hakujua kudanganya wala kuharakisha, akaja polepole na karatasi sita.

"Na zile mia mbili tisini na nne?" Simba akanguruma.

"Tumbo, Mfalme," akajibu Punda, akafungua daftari.

"Tumbo la nani?"

Punda alimtazama Fisi tu, na baraza zima likatazama kule kule.

Sungura akapiga hesabu mchangani: alama za sita, zikigawiwa watoto mia tatu. Wastani wa Bondeni haukufika hata mbili. Simba, aliyeona aibu kuliko Fisi mwenyewe, akampa Sungura ufunguo. Sungura akaomba watoto wa Bondeni nao wanywe, maana kosa halikuwa lao, na Mfalme akakubali.

Fisi akavuliwa cheo, akaketishwa dawati la mbele, darasa la saba, ajifunze kugawanya. Siku ya mtihani uliofuata aliinua mkono asubuhi na mapema.

"Mwalimu, naumwa tumbo."

Punda akamwekea karatasi mezani. "Pole, mzee. Andika jina lako."

Fisi alipata nne kwa mia, na nne yake ikahesabiwa.