Chumba Kikavu

Hapo zamani, wala si zamani za mababu bali za juzijuzi tu, wakati gitaa lilishaanza kutumia umeme na majirani walishaanza kupishana kwenye ngazi bila salamu, palikuwa na nyumba ya orofa tano katika mji mmoja wa bandari, kusini mwa Ufaransa. Sogeeni, nyinyi wa nyuma. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki kuambiwa "hatukusikia."

Nyumba ile ilikuwa na unyevu mpaka kwenye mito ya kulalia. Kuta zilipasuka, mwenye nyumba akapigiwa simu, akasema anakuja, na hadi leo yuko njiani. Maji nayo hayakuwa na nguvu ya kupanda. Ndipo wapangaji wakajiwekea desturi: anayetaka maji hugonga bomba kwa kijiko mara tatu, ko, ko, ko, na wote walio chini yake hufunga koki zao mpaka ajaze sufuria. Asiyefunga hakuhesabiwa kuwa mtu.

Echati alizaliwa humo, wazazi wake wakiwa wametoka Ngazija. Alikuwa bingwa wa kufoka, ule muziki wa kufokafoka: maneno yalimtoka mbio na hakuna hata moja lililojikwaa. Shida yake ilikuwa moja, mama yake. Kifua cha mama kilibana, na daktari alishasema, "Huyu ahame kwenye unyevu, tena mapema." Ahamie wapi? Echati alisikiliza kile kikohozi kila siku na roho ikamuuma.

Basi akaungana na majirani wawili. Florian wa orofa ya pili alipiga gitaa la besi kwa mwendo wa rege. Slimane wa orofa ya tatu, mtoto wa Watunisia, alipiga udi alioachiwa na babu yake. Wakaingia chumba cha chini kabisa, wakarekodi albamu nzima juu ya kuta zile na watu wake. Wakaiita Orofa Tano.

Siku ya wimbo wa mwisho, Echati anafoka, moto umemkolea, bomba likalia: ko, ko, ko! Alikuwa Bi Wassila, ajuza wa Kialjeria wa orofa ya tano. Mnadhani Echati alifanya nini? Mazoea yana taabu! Alikata ubeti katikati, akaacha maikrofoni, akakimbia kufunga koki. Florian hakuisimamisha besi. Slimane akaona pengo, akalijaza kwa udi, kwa sauti ile ya Kiarabu inayomkumbusha mtu kila aliyemzika. Echati akarudi anahema, akaendelea palepale alipoachia.

"Nimeharibu," alisema. "Turudie."

"Haturudii, dada," Florian akajibu. "Hiyo ndiyo nyumba yetu yenyewe."

Wakabishana mpaka wakachoka, na wimbo ukabaki ulivyo.

Ukaenda. Ukapigwa redioni, ukaimbwa sokoni, ukaimbwa na watu wa nyumba nyingine zenye kuta kama zile. Siku ya kesi ya wapangaji na mwenye nyumba, maelfu wakasimama mbele ya mahakama, vijiko mikononi, wakiupiga wimbo. Wimbo ukafika kwenye pengo, wote wakagonga mara tatu, kisha wakauacha udi ulie. Hakimu alikuwa dirishani. Mwenye nyumba akaitwa, akaamriwa aitengeneze nyumba yote. Mafundi walipoingia na saruji, Echati alilia kwa furaha, na mimi simcheki.

Lakini mafundi walianzia chini. Chumba kimoja kikawa tayari, kikavu, dirisha lake linaingiza jua. Vingine vilihitaji mwaka mzima. Nani atangulie? Wapangaji wakakutana kwenye ngazi, wakakubaliana: chumba ni cha yule aliyeiokoa nyumba. Liandikwe jina moja. Na mwandishi wa vikao vyao, kwa bahati au kwa balaa, alikuwa Echati.

Akasimama yeye kwanza. "Nimetaja majina yenu nyote, orofa kwa orofa. Kabla ya maneno yangu, nani alijua kama tupo? Na mama yangu mnamsikia."

Florian akasema, "Maneno ni yako, sikatai. Lakini ulitaka kulifuta lile pengo. Nani alikataa? Besi ya nani ilimpokea mgongaji? Mke wangu ana mimba ya miezi minane."

Slimane akasema, "Pengo tupu halilizi mtu. Watu walilia kwa udi. Hakimu mwenyewe alisema hivyo. Na baba yangu, kwa magoti yale, hupanda ngazi akikaa kila kidato."

Ndipo akasimama mtu ambaye Echati hakumtarajia: mama yake mwenyewe, ameshika ukuta.

"Mwandikeni Wassila," alisema. "Bila kugonga kwake, mngekuwa na wimbo kama nyimbo zote."

"Ala!" Bi Wassila akaruka. "Mimi nilitaka maji ya kupikia kuskusi tu, wanangu! Hata sikujua kama mnarekodi."

Watu wakacheka, hata Echati akacheka, kisha wakamtazama, maana waliona kuwa yule ajuza wa miaka sabini na tisa ndiye anayepanda juu kuliko wote.

Wakamgeukia Echati na kalamu yake. Alitaka kuandika jina moja, mnalijua. Mama akamwegemea begani. "Andika kwa haki, mwanangu," alimwambia. "Kuta zinatengenezwa. Mwaka nao utapita." Akakohoa.

Haya, wenzangu, karatasi ni nyeupe na wino upo. Aliyefoka maneno, aliyelinda pengo, aliyelijaza, au aliyegonga bila kujua? Kalamu ingekuwa mkononi mwako, na kikohozi kile kingekuwa cha mama yako, ungeandika jina la nani?