Nahodha Famau na Jenereta Iliyoogopa Maji

Ukichoka kufuta, hamisha kitanda.

Mmeisikia jana uwanjani, kocha wenu akimtupia golikipa, mkacheka, kisha mkabaki kutazamana kwa sababu hakuna aliyejua golikipa na kitanda wana udugu gani. Wapo wanaosema methali hii ilitoka Unguja, kama wanavyosema kila kitu kizuri kimetoka Unguja. Si kweli. Imezaliwa hapa hapa Watamu, ndani ya boti iliyoitwa Kolekole, na kwa kuwa mmeuliza, nitawaeleza ilivyokuwa.

Kolekole haikuwa boti ya kutafutia kitoweo. Ilikuwa ya wageni, wale wanaofunga safari ya mbali kuja kupigana na samaki kwa rodi, na wakishamshinda humvisha kibandiko cha alama, wakamwachia aende zake. Nahodha wake alikuwa Famau, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyewapita manahodha wote wa pwani hii kwa jambo moja: kurudi nyuma. Samaki mkubwa akinasa hukimbia na mshipi, na ukimngoja ataumaliza wote. Basi nahodha hodari humfuata kinyumenyume, tezi, yaani nyuma ya boti, ikitangulia, mawimbi yakipanda juu ya sitaha. Famau alirudi nyuma kwa kasi ambayo wenzake hawakuithubutu hata wakienda mbele.

Ila Kolekole ilikuwa na kidonda chake, nacho ni jenereta. Aliyeiunda ile boti aliiweka jenereta nyuma kabisa, chini ya sitaha, pale pale maji yanapoangukia. Na jenereta ndiyo iliyogandisha barafu, na barafu ndiyo iliyotunza chambo. Chuchunge, kisamaki cha chambo, akishalegea kwa joto, hakuna sulisuli wala nduaro, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, atakayemgeukia mara ya pili. Sasa tazameni mkosi wenyewe: kila Famau alipomfuata samaki kinyumenyume kama ajuavyo, maji yalipenya kwenye kifuniko, yakaimwagikia jenereta, ikakohoa, ikazima. Kazi yake ikienda vizuri, ndipo mambo yanapoharibika.

Dawa yao ilikuwa kufuta. Siku hizo hapa ufukweni mabaharia walipimwa kwa matambara yao. Boti ikirudi, kifuniko kinafunguliwa, jenereta inaoshwa kwa maji matamu, inafutwa, inapakwa mafuta, inafutwa tena kwa kanga kuukuu za wake zao. Famau hakuna aliyemfikia kwa kufuta. Alijisifu kwamba ngama ya Kolekole, kule chini kabisa maji yanakotuama, ungeweza kupakulia pilau. Akaongeza mpira kwenye kifuniko, maji yakapita. Akaweka turubai, yakapita. Akampelekea fundi cherehani vipimo, jenereta ikashonewa koti la mvua lenye mikono na kofia. Siku hiyo maji hayakuingia, lakini jenereta ilishikwa na joto humo ndani ya koti ikazima kwa kukosa pumzi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na koti lile likaishia kwa mwendesha baiskeli.

Mwenye boti alikuwa Bwana Harith wa Malindi, mtu mwema lakini asiye na subira ya kusikiliza jambo mara mbili. Katika safari ya mwisho ya msimu jenereta ilizima mbali na nchi kavu, barafu ikayeyuka, chambo kikanuka, wageni wakarudi mikono mitupu na nyuso zimewavimba kwa hasira. Bwana Harith alimngoja Famau ufukweni.

"Famau, mimi nakuheshimu," alisema. "Msimu ukifunguliwa nitapanda mwenyewe na mgeni wangu. Jenereta ikizima tena, basi. Naing'oa, natoboa chini naweka kioo, Kolekole iwe ya kupeleka watalii kutazama matumbawe."

Famau alijibu, "Haya, bwana." Kwenda mwendo wa kobe, wageni wameinamia kioo wakiulizana yule samaki wa manjano anaitwaje! Yeye, Famau! Na kulikuwa na aibu nyingine iliyomla ndani kwa ndani. Msimu ule alikuwa ameanza kuogopa. Samaki akinasa, mkono wake ulikuwa mzito kwenye gia. Alirudi nyuma taratibu, kwa ajili ya jenereta, na nduaro wawili wazuri walikata mshipi wakaenda zao. Mabaharia waliona, wakanyamaza kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi.

Masika ikaingia, boti zikapandishwa juu. Alasiri moja Famau alikuwa amejinyoosha nyumbani, mvua ikapiga, na paa la makuti likavuja pale pale lilipozoea kuvuja, juu ya miguu yake. Akaamka, akachukua tambara, akapiga magoti kufuta sakafu. Akaweka beseni. Akatandika nailoni juu ya godoro. Tone likahama kidogo likaangukia mto. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa upande wa pili wa chumba akipukuchua kunde, akimtazama.

"Baba Shee, wafanya nini?"

"Si waniona? Nafuta."

"Na jana?"

"Nilifuta."

"Na kesho ikinyesha?"

"Nitafuta! Wataka nilale majini?"

Mwanakheri akaweka ungo chini. "Hebu nambie, hicho kitanda kimeota mizizi? Chumba chote hiki kikavu, wewe umeng'ang'ania panapovuja kama umeandikiwa hati. Ukichoka kufuta, hamisha kitanda."

"Kitanda hiki kimekaa hapa tangu tulipooana."

"Aliyekiweka ni wewe, mume wangu. Si Mungu."

Famau akabaki amepiga magoti na tambara mkononi. Mwanakheri alidhani amemuudhi, akataka kumpoza kwa chai. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kusimama, akatoka na fulana yake mvuani, mbio, akapita nyumba za jirani akimwita Fundi Kupi kwa ile sauti yake.

Fundi Kupi ndiye aliyekuwa akizitibu mashine za boti zote za hapa. Alipofika alimkuta Famau ndani ya Kolekole amelowa chapachapa, anapapasa mbao.

"Fundi, hatuifuti tena. Tunaihamisha. Nitafutie pakavu."

"Nahodha, jenereta si birika. Ina waya, ina mpira wa kuvuta maji ya kuipoza, ina bomba la moshi. Na uzito wake je? Ukiiweka vibaya boti italala ubavu."

"Sikuuliza ugumu. Nimeuliza pakavu."

Wakatafuta pamoja. Chumvi ndiyo iliyowaonyesha njia, kwa maana maji ya bahari yakikauka huacha alama yake nyeupe. Nyuma kote chumvi. Kwenye makabati chumvi. Chini ya viti vya wageni chumvi. Mwishoe wakaingia chumba cha usukani, na Fundi Kupi akapapasa mahali pamoja, akajipangusa mkono, akatazama nje kwenye mvua.

"Pakavu pako pamoja tu," alisema, "lakini mimi sitapataja."

Hakuwa na haja ya kupataja. Ni kitanda cha nahodha. Kilikuwa kando ya usukani, kimeinuliwa juu ya sakafu, na godoro lake na mto wake. Mabaharia hulala sitahani kwenye mikeka, nahodha hulala pale. Hata Bwana Harith akipanda hakukikalia. Famau alikipata baada ya kulowa na umande ujana wake wote, na siku alipokilalia mara ya kwanza alitoa sadaka. Sasa alikitazama, na sitawaficha, kilimuuma. Akakaa juu yake, akalipigapiga godoro. Halafu akainuka akalikunja.

"Ng'oa," alisema.

Kazi ikaanza. Wakasimamisha boriti juu ya sitaha, wakafunga winchi ya mnyororo, na wanaume wakaitoa jenereta kule ngamani ikichuruzika. Fundi Kupi alirefusha waya, akapitisha bomba la moshi ubavuni litokee nje, akaipangia sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na sponji nene ndani ili kelele zisimtie nahodha wazimu. Uzito ulipotoka nyuma, wakausawazisha kwa kuhamisha mapipa ya maji, na Kolekole iliyozoea kuchuchumaa ikainua tezi yake.

Lakini binadamu hawakosi la kusema. Nahodha Sadala, aliyekuwa na boti jirani, alisimama ufukweni akapaza sauti: "Jamani njooni muone! Famau kaoa mke wa pili, kamlaza kitandani mwake!"

"Naam," Famau akamjibu, "na huyu hunipa barafu. Wewe chuchunge wako wamekwisha kuoza?"

Msimu ukafunguliwa, kusi bado haijatulia. Bwana Harith alipanda kama alivyoahidi, na mgeni wake, Bi Wambeti, mama mmoja mkulima wa miraa kutoka Embu, mwenye mikono iliyozoea jembe. Famau hakumwambia mwenye boti neno; sanduku lilifanana na kabati tu, na injini zilimeza mngurumo wake. Siku ya kwanza walirambaza, wakikokota chambo nyuma ya boti, tangu asubuhi bila kitu. Adhuhuri ilipopita, rodi ya kulia ikainama, rili, lile gurudumu la mshipi, ikalia, na nduaro akaruka nyuma yao, mweusi, mrefu, akaanguka kwa kishindo.

Bi Wambeti alifungwa mkanda kwenye kiti cha kuvulia. Mshipi ulikuwa ukienda, ukienda, rili ikawa inaonyesha chuma chake.

"Unaisha, Nahodha!" baharia mmoja alipiga ukelele.

Famau akashika gia. Bwana Harith akamrukia begani. "Taratibu, Famau! Jenereta!"

Hapo ndipo alipopimwa. Mkono ulikumbuka ule woga wa msimu uliopita, ukasita kidogo. Kisha akasema kwa sauti, "Bismillahi," akairudisha Kolekole nyuma kwa nguvu zote ilizokuwa nazo. Wimbi la kwanza lilipanda juu ya tezi likawafikia magotini. La pili likabeba ndoo na kandambili za mpishi. Bi Wambeti alikuwa ametota kichwa hadi miguu, anacheka na kuvuta, anavuta na kucheka, na mshipi ukarudi kwenye rili mkunjo kwa mkunjo. Nduaro akageuka kushoto, Famau yuko naye. Akageuka kulia, yuko naye. Mabaharia walikuwa wakimshangilia nahodha wao kama mnavyoshangilia nyinyi bao, na mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa analia waziwazi.

Walimfikisha ubavuni, wakamvisha kibandiko, wakamwachia. Akapiga mkia mara moja akazama. Hakuwahi kuonekana nduaro mkubwa kama yule msimu ule.

Baharini kukawa kimya, na katika kimya kile Bwana Harith akasikia mngurumo mdogo, wa raha, kama paka aliyeshiba. Mpishi akaleta maji ya baridi yenye vipande vya barafu. Bwana Harith hakuyapokea. Aliufuata mngurumo hadi chumba cha usukani, akaweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa na joto, na lilikuwa kavu. Akaelewa pale palikuwa mahali pa nini.

"Famau," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa wewe utalala wapi?"

Famau akaonyesha kwa kidole benchi la nyuma, lililokuwa bado linachuruzika maji.

"Pale, bwana. Mimi nikilowa, nakauka."

Bwana Harith hakutaja tena habari za kioo. Aliivua kofia yake akamvika Famau, na bendera ya nduaro, ile ipandishwayo boti ikimshinda samaki huyo, akaipandisha mwenyewe. Walipoingia bandarini watu walimiminika ufukweni, na Nahodha Sadala, kwa kuwa ni muungwana licha ya mdomo wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia majini kumshika mkono. Akamuuliza siri ni nini. Famau akamwambia maneno ya Mwanakheri kama alivyoambiwa, na kabla ya msimu kwisha yalikuwa midomoni mwa watu wote, wavuvi kwa wapishi.

Siku hizi kila mtu huyasema. Paa likivuja, duka likikosa wateja, beki akipitwa kila mechi, utayasikia, na wengi hudhani maana yake ni kuondoa tu kinachokusumbua ukakiweke kwingine. Nyinyi sasa mnajua zaidi. Kufuta kila mtu anakuweza, kwa sababu hakukugharimu mahali pako. Pakavu huwa papo, na mara nyingi tunajua ni wapi, ila tumepalalia wenyewe. Famau aliinuka, akakunja godoro, na ndiyo maana waliomtangulia walifuta mpaka wakazeeka, yeye akarudi na bendera.

Ukichoka kufuta, hamisha kitanda.