Chelezo Kilichosimama

Hapo zamani, na msinikatize, paliishi Shaame, mzamiaji wa majongoo ya bahari. Mwamba wao ulikuwa na mkondo mkali: mtu akizama hapa, anaibukia kule. Basi wazamiaji hawakushindana nao. Walizama, wakabebwa, na chelezo, boya walilolishika kwa kamba, kikawafuata juu ya maji. Mtumbwi nao ukafuata chelezo.

Mkewe Time alikuwa mja mzito, na roho haikumtulia. Siku moja jua lilipita utosi, hawajarudi. Akatembea pwani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akaweka nadhiri: "Atakayemnusuru mume wangu, ndiye atakayempa mtoto jina."

Kumbe huko chini mguu wa Shaame umenasa kwenye wavu mkuukuu! Alikuwa na Faki, kaka yake Time. Faki akaifunga kamba ya chelezo kwenye jiwe ili asichukuliwe, akakata wavu. Shaame akachomoka, mkondo ukamzoa. Faki akapanda juu, akaning'inia kwenye chelezo, kamba imembana vidole.

Mtumbwini alikuwepo Mize, dada yake Shaame. Akatazama: maji yanakimbia, chelezo kimesimama! Na kichwa ni kimoja, si viwili; basi Shaame amechukuliwa. Faki anaita, anapunga mkono. Mize akampa kisogo, akapiga kasia kufuata mkondo. Akamkuta Shaame mbali sana, taabani. Alipomrudia Faki, vidole viwili vilikuwa vimekufa.

Mtoto akazaliwa, na ugomvi ukazaliwa naye.

"Jina natoa mimi," alisema Faki. "Nisingekata wavu, leo angekuwa chakula cha samaki. Utazameni mkono huu!"

"Ulimkatia wavu, shemeji, bahari ikamchukua," alisema Mize. "Ningeanza na wewe, ningemkosa yeye. Nilikuona unavyoniita. Nililia huku napiga kasia. Jina natoa mimi."

"Na mimi je?" alisema Shaame. "Wangapi wamekufa wakipigana na mkondo ule? Mimi nilijilaza chali, nikapumua, nikasubiri. Nilijinusuru. Mtoto ataitwa jina la marehemu baba."

Siku ya saba, siku ya kutoa jina, ikafika. Chungu kikachemka, wageni wakakaa, mtoto akalia, hana jina. Time akatembea ukumbini, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kila akigeuka, anauona mkono wa kaka yake.

Haya, nyie mlioketi hapa, msiinamishe macho. Mtoto analia. Je, nani ampe jina?