Goti la Fundi Cherehani

Huruma ni kitu kizuri, nani atabisha? Lakini ipo huruma inayoua, na wahenga waliijua zamani. Mzazi anayeogopa kumkanya mwanawe asije akalia, mwishowe machozi humtoka yeye mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili ya tiba ya viungo aliitwa na wenzake Mama Huruma. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali. Hakuna msuli asioujua jina. Muhula wa mwisho walipelekwa hospitalini kuhudumia wagonjwa, naye akakabidhiwa fundi cherehani, mjane wa makamo aliyetoka kupasuliwa goti. Daktari alisema bayana kwamba goti likunjwe kila siku, lifike digrii tisini kabla ya wiki ya sita, la sivyo litashikana ndani. Na cherehani ya miguu haikanyagwi kwa goti lililonyooka kama mchi.

Siku ya kwanza alilikunja, fundi akalia kilio cha kukata maini, huku akimwita mwanangu. Mwanafunzi akaishiwa nguvu. Akaachia, akamkanda paja, akasema wataendelea kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Fundi akawa anamwombea dua kila asubuhi na kumsifu wadi nzima kwamba ana mkono mwepesi. Kwenye daftari mwanafunzi aliandika kuwa mgonjwa anaendelea vizuri. Msimamizi wake, mama mkali waliyembatiza Pilipili, alisoma akaamini.

Wiki ya sita, siku ya mtihani, Pilipili alikuja na kipimo. Akakiweka gotini, akalikunja taratibu. Likagoma. Akajaribu tena. Likagoma vilevile.

"Arubaini na tano," Pilipili alisema. "Huku ndiko kuendelea vizuri?"

Mwanafunzi akakiri yote: kilio kilimshinda. Fundi aliwatazama kwa zamu.

"Kwa hiyo, mwanangu, cherehani ndiyo basi tena?"

Swali hilo lilimchoma kuliko mtihani wenyewe. Pilipili akaeleza kwamba fundi atarudi chumba cha upasuaji, alazwe usingizi, goti lilazimishwe kukunjika, na mazoezi yaanze upya kesho yake. Mwanafunzi naye amefeli, atarudia muhula mzima. Binti wa watu akalia kwa kwikwi, akiomba asamehewe mara moja tu. Pilipili alimpa leso, lakini alama hakubadilisha.

Kesho yake baada ya goti kulazimishwa, mwanafunzi alisimama mlangoni akijua fundi atamfukuza. Pilipili, aliyemwagiza aanze kurudia muhula kwa goti hilo hilo, alikuwa nyuma yake. Fundi akaunyoosha mguu kitandani.

"Njoo," alisema. "Nikilia, kunja. Nikikuita mwanangu, kunja zaidi."

Akakunja. Fundi alipiga yowe, wadi nzima ikageuka. Mwanafunzi machozi yalimdondoka juu ya shuka, ila mikono haikuachia mpaka kipimo kikasoma tisini. Wahenga hawakukosea: mchelea mwana kulia, hulia yeye.