Mpira Unaosafiri Hadi Buyenzi

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake ni kwamba mtu akipotewa na chombo alichokitegemea, kazi yenyewe haijafa. Atafute njia nyingine aendelee kufua chuma. Ni methali nyepesi mno kuitamka pale koleo lililovunjika linapokuwa la jirani. Likivunjika lako, ulimi huwa mzito. Mwulizeni Bi Rukiya wa Laeken, kaskazini mwa Brussels.

Mumewe, Mzee Kadiri, alikuwa Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura. Alikuwa amestaafu baada ya kuwaosha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji kwa miaka mingi, mpaka yeye mwenyewe akazeeka. Wenzake wakistaafu hupanda maua; yeye alijitafutia timu. Kila Jumapili mchana alijifunga skafu ya kijani, akaenda uwanja wa mtaa kushangilia timu ya daraja la chini kabisa, timu ambayo ikishinda hata wachezaji wake hushangaa. Akifika kwenye uzio, humpigia simu kaka yake, Mzee Waziri, aliyekuwa amepooza kitandani kule Buyenzi, na kumtangazia mchezo tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha zamu hugeuka. Waziri naye humpa habari za ukoo: nani kaposa, nani kajifungua, nani hasemezani na nani kwa ajili ya kiwanja cha urithi. Mpira ulikwenda, habari zikarudi, na ndugu hao wawili wakaimaliza Jumapili wameshiba.

Bi Rukiya hakuwa na haja na mpira hata chembe. "Afadhali umtangazie kaka mvua ya hapa," alikuwa akimtania mumewe. "Hiyo angalau inanyesha kwa ustadi."

Mwaka 2013 utani huo ulikoma. Presha ya macho, iliyokuwa ikimla Kadiri polepole bila kumwuma, ilimzimia taa zote mbili. Daktari alisema nuru iliyokwisha kuondoka hairudi. Kadiri hakulia. Alivua skafu, akaikunja, akaketi kwenye kochi, na kochi likawa makao yake. Jumapili ilipofika alimwambia kaka yake kuwa mechi imeahirishwa kwa mvua. Jumapili ya pili, mvua. Ya tatu, mvua tena. Hata gharika ya Nuhu ilikuwa na mwisho, lakini mvua ya Mzee Kadiri haikukatika. Aliona haya kumwambia mgonjwa kuwa mtangazaji wake amekuwa kipofu.

Ndipo Hidaya, binti wa Waziri, alipompigia Bi Rukiya kwa siri.

"Mama mdogo, kuna nini huko? Baba hali. Jumapili nikimpelekea simu anageukia ukutani. Anasema mdogo wake amemchoka."

Maneno hayo yalimkata Bi Rukiya maini. Alielewa kuwa ndugu wawili wanazimika, mmoja huku na mwingine kule, na kwamba asipofanya jambo atazika mmoja na kumlilia mwingine. Jumapili iliyofuata alipiga magoti, akamvisha mumewe viatu.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza Kadiri.

"Uwanjani. Mimi nitakuwa macho yako."

"Wewe? Mama Aziza, wewe hujui hata goli letu ni lipi!"

"Nitajifunza njiani. Inuka, baba Aziza, kaka anangoja."

Kwenye uzio walipokelewa na Papa Donat, mzee wa Kikongo kutoka Likasi, mchanganya Kiswahili na Kifaransa, ambaye kila Jumapili husimama hapo pamoja na Kadiri.

"Papa Kadiri! Mais ulikuwa wapi? Bantu ya hapa banauliza kila dimanche!" Kisha akaiona fimbo nyeupe ya vipofu mkononi mwa Kadiri. Bi Rukiya alimweleza kwa maneno machache. Papa Donat alimshika Kadiri mkono, akauweka juu ya bomba la uzio, mahali pake palepale pa siku zote. "Bon," alisema. "Place yako haijachukuliwa."

Simu ilipigwa. Sauti ya Waziri ilikuja nyembamba, kama ya mtu aliyeamshwa. Filimbi ikalia, na Bi Rukiya akaanza kumnong'oneza mumewe kwa bidii zote alizojaliwa.

"Wa kijani anakimbia. Kaanguka. Hapana, kainuka. Pembeni kuna mtu kainua kibendera, sijui anamwita nani."

"Ameotea, kaka!" Kadiri alipaza sauti simuni. "Mshika kibendera katunyima!"

Bi Rukiya alimtazama kwa mshangao. Aliendelea kunong'ona, lakini punde akagundua kuwa anachelewa. Kabla hajapata neno, mumewe alikuwa amekwisha kulisema. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio limeelekea uwanjani. "Kipa wetu anawaita mabeki kushoto, kaka, basi hatari inatoka kushoto. Huo umepigwa na mtu mzito, nadhani ni beki wao. Sasa unakuja kwetu, vishindo viwili, mmoja anamfukuza mwenzake." Bi Rukiya alitazama, na kweli, walikuwa wawili, mmoja akimfukuza mwenzake. Aliacha kunong'ona. Alijihisi kama mtu aliyeishi na mwanamume miaka arobaini bila kumjua.

Karibu na mwisho, timu zikiwa hazijafungana, wapiga ngoma wa timu ya kijani walianza kurindima, na Kadiri akapotea. Alisita, akageuza kichwa huku na huku. "Subiri, kaka, subiri kidogo." Jasho lilimtoka. Papa Donat aliona. Alipita kwenye uzio, mtu hadi mtu, akiwaambia kwa Kifaransa kuwa mzee huyu anatazama kwa masikio, na kaka yake anatazama kwa simu.

Ngoma zikanyamaza. Kisha kelele zikanyamaza. Wabelgiji wasiojua hata salamu ya Kiswahili walifunga midomo, bia zao mikononi, ili mgonjwa wa Buyenzi aone mpira. Bi Rukiya hakuwa amepata kuusikia ukimya kama ule, hata msikitini.

"Nimewapata, kaka!" alisema Kadiri kwa sauti ya chini. "Kona yetu. Unapigwa. Mwamba huo!" Mlio wa chuma ulisikika uwanja mzima. "Umerudi, unapigwa tena... Goli! Goli, kaka, goli!"

Bi Rukiya alikuwa bado anautafuta mpira. Uzio ulilipuka kwa vifijo, Papa Donat akamkumbatia mtu asiyemjua, na ndani ya simu sauti ya mzee aliyepooza ikapaa kama ya kijana.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Kadiri alishusha pumzi. "Kaka, nilikudanganya. Hakukuwa na mvua. Macho yangu yamekwenda. Leo sikuona kitu, nimekutangazia kwa masikio tu."

Bi Rukiya alimshika mumewe bega kwa nguvu.

"Kadiri," alisema Waziri, "na mimi hii miaka yote nimekuwa nikiutazama mpira wako kwa kitu gani, kama si kwa masikio? Karibu huku kwetu, mdogo wangu. Huku tunaona vizuri." Kisha akakohoa, kama mkubwa wa ukoo anayefungua kikao. "Haya, sikiliza. Hidaya ameposwa."

Kadiri alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona, na Bi Rukiya, aliyekuwa akiuona mpira kuwa upuuzi, alikuwa akilia pamoja naye waziwazi mbele za watu. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.