Mtoto wa Ua Aitwe Nani?

Sogeeni, jamani, ila mwisho wa hadithi msije mkanikunjia nyuso.

Ndani ya jani la mkunde waliishi watu wanne. Bi Sikujua alikuwa mpishi: mpe jua, maji na hewa, akupikie sukari. Tambwe alikuwa mchukuzi, na ni yeye tu aliyejua kuipenyeza sukari ukutani hadi chumba cha mlangoni. Kulwa na Doto, mapacha, walikuwa mabawabu. Mlango wa jani hauna komeo: mapacha wakishiba huvimba, mlango ukafunguka; wakisinyaa, ukajifunga.

Jirani yao Chausiku, ua la mkunde huohuo, alikuwa na mimba ya ganda lake la kwanza la kunde. Alikula kwa Bi Sikujua.

Asubuhi moja jua lilichomoza, mlango haukufunguka. Mapacha walikuwa hoi kwa njaa. Hewa haikuingia, jiko likazimika, na Chausiku akaanza kulegea kwenye kikonyo.

"Naanguka, jamani! Atakayeniokoa, mwanangu ataitwa jina lake!"

Bi Sikujua alikuwa na akiba ya sukari ya jana, kidogo tu, na njaa ilimuuma, maskini. "Nikila mwenyewe nitashiba leo, kesho je?" akasema, akampa Tambwe yote.

Tambwe naye hakuwa ametia kitu kinywani. Alijipenyeza ukutani na mzigo ule mtamu, asilambe hata kidole. Niambieni, ni mchukuzi gani halambi? Akafika, akautua. "Kuleni, wanangu."

Mapacha wakala, wakavuta maji, wakavimba, mlango ukafunguka. Loo, upepo wa kiangazi ukaanza kuwanyonya maji yao.

"Doto, tufunge, nakauka!"

"Vumilia, Kulwa. Hewa bado inaingia."

Jiko likawaka. Chausiku akanywa sukari yake, akajifungua salama.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Sukari ilikuwa yangu," alisema Bi Sikujua.

"Ingetembea yenyewe?" akauliza Tambwe.

"Na kama tungeila kisha tukafunga mlango?" wakasema mapacha.

"Nyinyi mmekula! Tangu lini mlaji akashukuriwa?" akadakia Tambwe.

Chausiku alimpakata mwanawe, machozi yakimlenga. Wote aliwapenda, na ahadi yake ilikuwa ya jina moja tu. Mtoto anakua, na hadi leo anaitwa "wewe".

Mimi kila nikiisimulia namhurumia mwingine. Je, wewe ungempa jina la nani?